Kaunti ya 48 Haina Debe

Kila uchaguzi ukifika, Mkenya aliye ughaibuni akithubutu kutoa maoni anarushiwa jibu moja: "Si uliondoka? Tulia huko." Na anayemwambia hivyo mara nyingi anangoja M-Pesa kutoka hukohuko.

Hebu tuhesabu. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Benki Kuu inazifuatilia pesa hizo mwezi baada ya mwezi. Lakini Agosti 2022, kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22 waliosajiliwa, walio nje walikuwa 10,444. Ati elfu kumi! Hawajazi hata Uwanja wa Nyayo. Na hao waliruhusiwa kumchagua rais tu. Wanasiasa hupenda kuwaita kaunti ya 48; basi ni kaunti isiyo na gavana, seneta wala mbunge.

Kifungu cha 82 cha Katiba kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuwapa kura hatua kwa hatua. Sawa. Mwaka 2013 walianza na majirani wa Afrika Mashariki, na kufikia 2022 nchi zilikuwa 12. Lakini soma orodha yenyewe uone ni nani aliyekumbukwa. Marekani imo, Uingereza imo, Ujerumani imo. Dubai walipiga, Doha walipiga. Saudi Arabia haikuwemo. Ubalozi tunao pale Riyadh, na serikali yenyewe imewahi kusema Wakenya walioko nchini humo ni zaidi ya laki mbili, wengi wao wakifanya kazi za nyumbani. Rais alipatikana kwa tofauti ya kura 233,211. Kama wangebadilisha matokeo au la, hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Dadangu ni mmoja wao. Saa za Riyadh ni zile zile za Nairobi, kwa hivyo vituo vilipofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, yeye alikuwa anaandalia watoto wa wenyewe kiamsha kinywa. Usiku alimaliza bando akifungua Fomu 34A za kwetu, moja moja, akijumlisha kwa kalamu. Huyo ndiye wa kuambiwa atulie? Aliondoka kwa sababu hapa kazi hakuna, na hiyo ni siasa tosha.

Najua kuna hoja nzito: walio mbali huchochea moto usiowachoma. Kweli, tuna mabingwa wa kuitisha maandamano wakiwa Texas, halafu teargesi inanuswa na vijana wa Mathare. Wanakera, manze. Lakini kumnyima mtu kura hakumnyamazishi. Kunamwachia kelele peke yake. Tena dadangu hata hizo kelele haziwezi, mwajiri akijua itakuwaje? Mikataba ya kazi inayoamua maisha yake hutiwa saini na serikali ya Kenya. Akidhulumiwa, mlango wa kubisha ni wa balozi aliyeteuliwa na rais ambaye yeye hakupata nafasi ya kumchagua wala kumkataa.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Tume ipeleke mitambo ya BVR Riyadh na Jeddah, na serikali idai kwa waajiri siku ya ruhusa ya kujiandikisha na ya kupiga kura. Kama tunajua kumpata wakati wa kutuma pesa, tutampata pia wakati wa kura.