Neno la Mhariri: Sanaa si Tarishi

Barua nyingi zimetufikia mintarafu ya shahada za juu zinazounganisha elimu ya mazingira, utamaduni na sanaa, na kwa kuwa aghalabu ya waandishi wake, wenye nia njema wote, wameafikiana juu ya jambo ambalo mimi naliona ni kosa kubwa, nimeona heri niseme wazi kabla msomaji hajazifikia makala za wenzetu. Wanakubali kwamba mwanafunzi wa misitu apate na fungu la utamaduni, ila wanataka sanaa ije mwisho, wataalamu wa udongo na wa samaki wakisha kumaliza kazi yao, ili mchoraji na mtunzi wa nyimbo wayachukue matokeo wayapeleke vijijini. Sanaa kwao ni tarishi. Rai hiyo naikataa, na hoja yangu naitoa Nyangwe.

Mwaka 1871 David Livingstone alikaa Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika Maniema ya Kongo, akingojea mitumbwi asiipate. Karatasi zikamwishia, na wino ukamwishia, akawa anaandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, The Standard, mistari yake ikikatiza herufi za chapa, kwa wino uliotengenezwa kwa mmea wa huko huko. Wino ule ulififia hata kurasa nyingine zikawa hazisomeki kwa macho, na katika daftari hiyo ndimo zilimokuwa habari za tarehe 15 Julai, siku watu wa wafanyabiashara walipoufyatulia bunduki umati wa sokoni, wakafa mamia, wengi wao wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao, wengine wakizama mtoni huku wakiikimbilia mitumbwi. Kwa zaidi ya miaka mia ulimwengu uliujua msiba ule kwa nakala iliyoandikwa na kusafishwa baadaye. Ndipo Adrian Wisnicki, mwalimu wa fasihi, alipokaa pamoja na watunza hati na mabingwa wa kupiga picha kwa mianga mbalimbali, ikiwamo ile isiyoonekana na jicho la mwanadamu, na mwaka 2011 maandishi ya awali yakatolewa hadharani, nayo yakazusha maswali mazito juu ya mwenendo wa watu wa msafara wa Livingstone mwenyewe na juu ya yale aliyoyageuza alipokuwa akinakili.

Nawaomba wasomaji watue hapa. Mwenye taa na mwenye kamera walikuwa na ustadi usio na kifani, lakini swali lilitoka kwa mtu wa fasihi, aliyekwisha kuona kwamba baina ya daftari ya safarini na kitabu kilichochapwa kuna jambo limepotea. Na lau angaliitwa mwisho ili ayapambe matokeo, yasingalikuwapo matokeo ya kupambwa. Hata hivyo kazi ile, kwa taadhima yote ninayoipa, ilifanyika juu ya karatasi, nazo karatasi zilihifadhiwa Uskoti. Sehemu ya pili ya kazi hiyo iko ukingoni mwa mto: mmea uliotoa wino, mto ulivyohama na kula kingo zake, na kumbukumbu za Wagenya, ambao tangu zamani ndio wenye mitumbwi na uvushaji katika maji hayo. Kwa hayo hatoshi mtu wa mimea peke yake, wala mtu wa historia, wala mtunzi. Yanataka mwanafunzi mmoja aliyefunzwa na watatu, naye awe anajua Kiswahili cha Maniema kiasi cha kuketi na wazee bila mkalimani.

Kwa ajili hiyo nasisitiza sharti moja ambalo najua litawaudhi baadhi ya maprofesa: tasnifu ya namna hii itetewe kwa Kiswahili, Kasongo au Nyangwe penyewe, na katika baraza la watahini awemo fundi wa mitumbwi au mfinyanzi, mwenye haki ya kuuliza na ya kukataa. Chuo cha ERAIFT kilichoanzishwa Kinshasa mwaka 1999 kwa msaada wa UNESCO kimefanya kazi ya kusifiwa katika kuzikutanisha elimu za msitu, uchumi na jamii. Lakini kinafundisha kwa Kifaransa, na katika jina lake refu misitu na maeneo ya tropiki yametajwa, sanaa haikutajwa. Wanaodhani kwamba fundi au mkulima hana la kumwongezea mtahini na wasome kitabu cha Osumaka Likaka cha mwaka 1997 juu ya pamba ya kulazimishwa, iliyoanza Maniema mwaka 1917, waone jinsi kauli za wakulima zilivyosema yale ambayo ripoti za serikali ziliyanyamazia.

Katika toleo hili makala ninayoipenda kupita zote ni ile ya miti ya mitumbwi, ambayo mwandishi wake anatueleza fundi anavyoligonga shina kwa bapa la shoka na kutega sikio, ajue kama moyo wa mti umeoza, kabla hajakubali kulipa gharama ya kuuangusha. Hiyo ni elimu ya msitu, na ni sanaa, wala sioni mpaka wake. Makala ya mpunga ulioletwa Kasongo na Waungwana wa pwani ni ya uangalifu, ingawa ningependa isikie zaidi sauti za wanawake wanaoutwanga. Ile ya mikoko ya Unguja ni fupi na safi. Ile ya maonyesho ya sanaa ya Lubumbashi imejaa picha nzuri.

Makala ya mwisho inanipinga. Mwandishi wake anasema kwamba kumweka fundi mbele ya baraza ni kumtwisha kazi ya chuo bila ujira wa chuo, na kwamba shahada iliyotetewa Nyangwe haitamfungulia kijana mlango wa ajira Kinshasa wala Dar es Salaam. La ujira namkubalia bila kusita, na fundi alipwe sawasawa na mtahini mwingine yeyote. La pili silikubali, na jibu langu nimeliweka baada ya makala yake, pasipo kuondoa hata neno moja katika aliyoyaandika.