Kabla ya Kiboko, Uliza Mtoto Amelala Saa Ngapi

Wadau, leo tuongee kuhusu huyu mtoto.

Unamjua. Yuko kwa kila darasa kuanzia Isebania hadi Mbita. Mwalimu akianza hesabu, yeye anaangalia ndege kupitia dirisha. Akiambiwa aandike sentensi tano, anaandika mbili halafu anaamka kuchonga penseli ambayo imeshachongwa. Daftari zinapotea kila wiki. Ripoti ikifika nyumbani imeandikwa "hana bidii", na mzazi anaenda shuleni na ile kauli yetu maarufu: "Mwalimu, huyu kichwa yake ni ngumu. Mchape tu, mimi nimekuruhusu."

Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa ili usome ukijua nasimama wapi. Mtoto ambaye hatulii darasani ana sababu. Kazi yetu sisi wakubwa ni kuitafuta hiyo sababu, na hapa kwetu Migori na Homa Bay, mara nyingi haiko mbali na mlango wa nyumba.

Tumalize kwanza maneno ya kiboko. Mzazi, hiyo ruhusa unayompa mwalimu huna. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa njia ya kikatili au ya kumdhalilisha, iwe ni mwilini au ni maneno ya kumvunja moyo. Anayevunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au jela hadi miezi sita, au zote mbili. Na wale wa "basi arudie darasa", kifungu cha 35 kinakataza mtoto kurudishwa nyuma darasa. Sheria iko. Kinachokosekana ni sisi kuijua.

Najua mtu tayari anasema, "Sisi tulichapwa na tukafaulu." Sawa. Lakini wewe uliyefaulu ndiye uko na simu na bando ya kuniambia hivyo. Wale waliochapwa wakaacha shule gredi ya sita wakaenda ziwani au migodini hawako hapa kutoa ushuhuda. Ukihesabu waliovuka mto peke yao, bila shaka utasema mto hauna mamba.

Sasa tuangalie hizo sababu, moja moja.

Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala kati ya saa 9 na 12 kwa usiku mmoja. Sasa piga hesabu ya mtoto wa pwani ya Sindo, Sori au Muhuru Bay. Omena huvuliwa usiku kwa taa, mashua zinarudi alfajiri, na nyumba nzima inaishi kwa saa za ziwa. Kuna watoto wanaosaidia kubeba, kuanika, kuuza chai. Upande wa Nyatike, kule Macalder, kuna wanaopitia kwenye mashimo ya dhahabu kabla au baada ya shule. Hata yule wa mjini ambaye hajawahi kugusa omena anaamshwa saa kumi na moja asubuhi, analala saa nne usiku baada ya kazi ya ziada. Halafu saa tano mchana, katikati ya sehemu na desimali, tunashangaa macho yake yamekuwa mazito. Mtoto aliyekosa usingizi si lazima asinzie. Wengine wanaruka, wanachokoza wenzao, wanashindwa kukaa, na ukiangalia utasema ni utundu tu.

Tumbo na damu. Mtoto aliyetoka nyumbani bila hata kikombe cha uji hawezi kushindana na njaa yake. Ongeza minyoo. Ongeza kichocho, ambacho kwetu kinatoka kwa maji yale yale tunayoogelea na kuchota. Vyote hivi vinaweza kupunguza damu, na mtoto asiye na damu ya kutosha anachoka haraka na kupoteza umakini. Watafiti walipofuatilia shule 75 kule Busia miaka ya tisini mwishoni, waliona kwamba kuwapa watoto dawa ya minyoo kulipunguza utoro kwa karibu robo. Dawa tu. Kwa hivyo siku ile dawa zinaletwa shuleni, usimfiche mtoto nyumbani kwa sababu ya porojo za kijijini.

Masikio na macho. Hapa nina ushahidi wa nyumbani. Mtoto wa dadangu, ananiita nera, alikuwa gredi ya tatu wakati shule yake ilimwandika kuwa mjeuri. Unamwita mara tatu, hageuki. Alichapwa kwa hiyo "kiburi" karibu muhula mzima. Dani yake ndiye aligundua kwamba mto wake wa kulalia una madoa upande mmoja. Sikio lilikuwa linatoa usaha, na limekuwa hivyo kwa muda. Walipompeleka dispensari akaanza matibabu, na madam wa darasa lake jipya akamweka mbele upande wa sikio zima, ile "kiburi" ilipungua sana. Nasema ilipungua, haikuisha. Mpaka leo akikaa dakika kumi na tano lazima ainuke. Lakini angalau sasa tunajua ni nini tunapambana nacho.

Na macho ni hivyo hivyo. Mtoto ambaye haoni ubao hatakwambia haoni. Hajawahi kuona vingine, kwa hivyo anadhani kila mtu anaona ukungu.

Malaria. Hii ni yetu kabisa, watu wa ziwa. Sio kila malaria inaisha siku homa inashuka. Ile inayopanda kichwani na kuleta degedege au kupoteza fahamu inaweza kuacha alama. Watafiti waliofuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa Hospitali ya Mulago, Kampala, waliripoti mwaka 2008 kwamba miaka miwili baada ya kupona, karibu mtoto mmoja kati ya wanne bado alikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri, na umakini ndio ulioguswa zaidi. Fikiria hapo. Mtoto alinusurika kifo, akarudi shuleni, na tukaanza kumchapa kwa sababu ya jeraha ambalo halionekani. Kwa hivyo ukienda kliniki, waambie kama mtoto aliwahi kupata degedege. Na kwa wadogo, chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya papa hapa Homa Bay, Septemba 2019. Maliza dozi zote, na chandarua ni cha kitanda, si cha kufunika miche ya sukuma wiki.

Halafu kuna ubongo wenyewe. Kuna watoto wanaolala vizuri, wanaokula, masikio na macho sawa, na bado hawatulii nyumbani, shuleni, kanisani, kila mahali, tangu wakiwa wadogo. Wengine wana hali ambayo madaktari huita ADHD. Makadirio ya dunia nzima ni kama watoto watano kwa kila mia. Chukua darasa la watoto sitini, hao ni kama watatu. Si chira, si laana, si mama aliyekosea wakati wa mimba. Ni ubongo unaofanya kazi kwa mwendo tofauti. Dawa zipo, lakini ni za kuandikiwa na mtaalamu baada ya uchunguzi. Zile chupa za "kuongeza akili" zinazouzwa stendi, pesa yako nunua nazo mayai.

Na simu? Mimi naishi kwa video fupi, kwa hivyo sikudanganyi: video za sekunde thelathini hadi usiku wa manane hazimsaidii mtoto. Mzime. Lakini tusijifiche nyuma ya simu. Huyu mtoto alikuwepo darasani kabla hata mtaa wetu haujapata stima.

Sasa, mwalimu. Sijakuja kukuwekea mzigo. Una watoto sabini, madawati hayatoshi, na kuna wakati unafundisha madarasa mawili pamoja. Ndiyo maana nasema mambo ambayo hayaombi bajeti:

1. Mweke mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mtoto mtulivu.

2. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja. Mwite jina, aangalie, kisha arudie ulichosema.

3. Kata kazi vipande. Hesabu tano, uone, umsifu, halafu tano zingine. Ishirini kwa mpigo zinamtisha kabla hajaanza.

4. Mpe sababu halali ya kuinuka. Afute ubao, agawe vitabu, apeleke rejista. Atainuka tu hata hivyo, heri ainuke na kazi.

5. Sifa itoke papo hapo, na iwe ya kitu maalum: "Leo umemaliza mstari wote." Huyu mtoto amesikia mabaya yake yote, yanatosha.

Na mzazi, kwako ni saa moja ya kulala kila siku, kazi ya shule ifanywe mapema kabla giza halijaingia, dakika ishirini kisha apumzike, na begi lipangwe usiku ili asubuhi isiwe vita. Kama ni nyumba ya uvuvi, kaeni kama familia mkubaliane: usiku wa kuamkia shule, mtoto haendi pwani. Najua hiyo ina gharama. Mikono ya mtoto ni pesa kwa nyumba nyingi, na sitakuhubiria kana kwamba sijui bei ya unga. Lakini ukimtoa usingizi wake ili upate mia mbili leo, hiyo ni mkopo, na yeye ndiye atakayeulipa.

Ukijaribu haya yote kwa muhula mmoja na bado, usikae kimya. Kenya ina vituo vya kutathmini watoto vinavyoitwa EARC, vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Kazi yao ni kumpima mtoto na kushauri shule na mzazi namna ya kumsaidia. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako uulize cha karibu. Wazazi wengi hudhani hapo ni kwa watoto wasioona au wasiosikia pekee. Hata shida ya kujifunza inahusika.

La mwisho ni kwa wakubwa. Katiba ya 2010 iliwapa kaunti kazi mbili ambazo zikiunganishwa zinaweza kuokoa watoto wengi: shule za chekechea, na huduma za afya za kaunti, zikiwemo dispensari. Gavana Wanga, Gavana Ayacko, zote mbili ziko mikononi mwenu. Siombi jengo jipya. Naomba kila mtoto wa chekechea, kabla hajaingia gredi ya kwanza, apimwe macho, masikio na damu, na matokeo yaandikwe kwa karatasi itakayomfuata shuleni. Muuguzi wa dispensari, tochi, chati ya macho ukutani. Mtoto aanze safari mwalimu akijua anambeba nani.

Mpaka hiyo siku ifike, tuanze na swali moja tu. Mtoto akishindwa kutulia, usianze na "una shida gani wewe?" Muulize alilala saa ngapi, alikula nini, na anakusikia vizuri. Kisha nyamaza, usikilize.

Kama unamjua mwalimu au mzazi ambaye wiki hii ameshasema "mchape tu", mtumie hii. Kwa upole.