MUAMUZI WA TELEFONE ANATUMIKIA NANI?

Wandugu wafanyakazi wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi na wa Lubumbashi, leo tuseme juu ya jambo moja ambalo kila mutu analilipia na wachache tu wanalijua: ofisi ya serkali inayosimamia telefone. Jina lake ARPTC. Ilizaliwa kwa sheria ya mwezi wa 10, mwaka 2002, wakati kampuni za telefone zilikuwa zimekwisha kuingia katika inchi yetu.

Kazi yake ni nini? Hewa ina njia zake, kama barabara. Kampuni mbili zikipita katika njia moja, sauti zinagongana na hakuna anayesikia. Kwa hiyo lazima awepo wa kugawa njia hizo, wa kutoa namba, wa kulazimisha kampuni moja ipokee sauti inayotoka kwa kampuni ingine, wa kuangalia bei, na wa kusikia mashitaki ya mununuzi. Ni kama muamuzi wa mupira, na muamuzi havai shati la timu yoyote.

Tuangalie basi filimbi yetu inalia namna gani.

Katika mwezi wa 9 wa 2020 ilianza RAM, daftari la telefone zote za inchi. Tuliambiwa ni kwa kupiga vita telefone za wizi na za uongo. Maneno hayo si mabaya. Nani hajui mutu aliyeibiwa telefone sokoni? Lakini daftari lilikuja na bei: dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G au 4G, dola 1 kwa ile ndogo ya 2G, feza ikikatwa kidogo kidogo ndani ya unite. Mutu ananunua unite asubuhi apate kuita mama yake kijijini, anakuta zimekwisha kuliwa. Hakusaini kitu. Hata makato ya mushahara yanaandikwa kwenye karatasi, unayasoma, unakasirika, lakini unayaona! Makelele yalipanda mpaka Bunge, na mwanzoni mwa 2022 serkali ikaondoa feza ile. Vizuri. Lakini wewe unayesoma, ulirudishiwa hata franka moja? Na aliyeibiwa telefone, daftari lilimuletea?

Jambo la pili ni zito kupita la kwanza, maana liligusa kinywa. Mwezi wa 12 wa 2011, baada ya uchaguzi, mesaji za telefone zilifungwa inchi nzima. Wakubwa walisema ni juu ya usalama. Walioumia kuliko wote ni viziwi: mesaji ndiyo sauti yao. Mwezi wa 1 wa 2015 intaneti na mesaji zikafungwa. Mwezi wa 8 wa 2017 ARPTC yenyewe iliandikia kampuni barua, ikiamuru zipunguze nguvu ya kupitisha picha katika mitandao. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, siku moja tu baada ya kura, intaneti ikazimwa tena, karibu siku 20.

Sheria inapa serkali ruhusa ya kufunga kwa ajili ya usalama, na hatukatai kwamba siku ya hatari inaweza kufika. Tunauliza: nani anaipima hatari hiyo? Wakubwa wa ARPTC wanawekwa kwa amri ya Rais. Kampuni nazo zinatii upesi, maana ruhusa yao ya kazi iko katika mikono ya anayeamuru. Mununuzi peke yake hana mutu kiwanjani.

Wengine wanasema: hayo ni mambo ya wasomi wa Kinshasa, sisi watu wa migodi hayatugusi. Wanakosea sana. Feza unayotumia mama, feza ya masomo ya mutoto, inapita leo ndani ya telefone. Shimo likiwaangukia wachimbaji, jamaa wanapata habari kwa telefone, si kwa gazeti, hata hili letu.

Tunachodai si kingi. Hesabu ya feza ya RAM itangazwe yote, iliyoingia na iliyotoka, na waliogawana watajwe. Katika kila mji wa migodi iwepo meza ya mashitaki, ambapo mama wa soko anaweza kusema kwa Kiswahili, akapewa karatasi yenye namba na siku ya kujibiwa. Na amri ya kufunga isipite bila saini ya jaji, iwe na sababu yake na siku yake ya kumalizika, isomwe na watu wote kabla ya kutimizwa.

Ukikatwa unite bila sababu, usifute mesaji ya makato. Andika siku, saa na hesabu, toa kopi mbili za barua yako, moja upeleke kwa kampuni, ingine kwa ARPTC, na ukatae kuondoka bila muhuri.