TAHADHARI: Unayetumia dawa za kifua kikuu, usijinunulie dawa ya malaria kimyakimya

Tahadhari hii ni ya kila nyumba ya Kasongo na Kabambare yenye mgonjwa wa kifua kikuu, hasa ya wachimba dhahabu wa Namoya na Salamabila, wanaoanzishiwa dawa kituo kimoja wakashikwa na malaria mbali na kituo hicho.

Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, inayomezwa kila siku kwa miezi 6, hulichochea ini kuvunja dawa nyingine upesi kupita kawaida. Dawa ya malaria ya artemeta-lumefantrini inaweza kupungua mno kwenye damu kabla vimelea havijaisha. Kwinini nayo haina usalama: utafiti wa Thailand uliochapishwa 2003 ulionyesha kuwa malaria iliwarudia mara nyingi zaidi waliopewa kwinini pamoja na rifampisini kuliko waliopewa kwinini peke yake. Homa hushuka, mgonjwa akajiona amepona, kumbe ugonjwa ungalipo. Hata baada ya kidonge cha mwisho, ini huhitaji wiki 2 hivi kurudia mwendo wake.

Akina mama, vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango navyo vinaweza kushindwa kwa sababu ya rifampisini. Anayetumia dolutegravir kwa ajili ya VVU pamoja na rifampisini kwa kawaida huandikiwa mara 2 kwa siku badala ya 1, asijiongezee mwenyewe.

Fanyeni hivi:

- Msiache dawa za kifua kikuu. Kuziacha kunaupa ugonjwa nafasi ya kuwa sugu.
- Homa ikianza, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo na kadi ya matibabu. Kama kadi imepotea, pelekeni pakiti za dawa.
- Mwambieni muuguzi yote: ugonjwa wa ini, mimba, pombe, dawa za miti shamba, dawa za sokoni.
- Malizeni dawa ya malaria mliyopewa. Homa ikirudi, rudini kupimwa, msiongeze dozi.
- Mkojo wa rangi ya chungwa ni wa rifampisini, usiwatishe. Macho yakiwa ya manjano au mgonjwa akitapika mfululizo, ini huenda linaumia: wahini kituoni. Degedege au kupotewa na fahamu ni hospitali mara moja.

Muuza dawa asipokuuliza unatumia dawa gani nyingine, mwambie wewe kabla ya kulipa.