Jiwe linaongezeka, lakini halizai



Kuna swali moja ambalo vijana wa upande wa machimbo wanatuuliza mara kwa mara. Linakuja hivi: «Mchungaji, ku masomo wanatufundisha ya kama jiwe haina uzima. Lakini wakubwa wenye kuchimba wanasema mawe inakomaa mu udongo. Ukiacha shimo miaka fulani, utarudia utakuta ingine imeota. Sasa nani anasema kweli?»

Usicheke swali hili. Ndani yake mna chakula cha nyumba. Kama jiwe linaota kama muhogo, basi baba anaweza kusema: «Shimo ni shamba langu, watoto watavuna nyuma yangu.» Lakini kama jiwe haliote, yule baba anakula ghala ambayo hakuna mtu anayeijaza tena. Ni lazima jamaa ijue iko wapi kati ya mambo haya mawili. Kwa hiyo mwezi huu tutazame pamoja: kitu chenye uzima kinajulikana kwa alama gani?

ALAMA SABA

Weka kuku mmoja na jiwe la malakite kando kando mu lupango yako, kisha uangalie.

1. Chenye uzima kinakula. Kuku anaokota mahindi na bilulu. Majani nayo inakula kwa namna yake: inachukua maji kwa mizizi na hewa kwa majani yake, na kwa nguvu ya jua inajitengenezea chakula. Jiwe halihitaji chakula.

2. Kinapumua. Kuvuta hewa na kuitoa kwa pua ni mwanzo tu. Ndani kabisa ya mwili, chakula kinakutana na oksijeni ya hewa, na nguvu inatoka. Hata muhogo unapumua, mchana na usiku.

3. Kinatoa taka. Kinachokula lazima kitupe kisichofaa: mavi, mkojo, jasho, na ile hewa mbaya tunayotoa tukipumua.

4. Kinakua. Yai linakuwa kifaranga, kifaranga kinakuwa kuku.

5. Kinasikia mambo ya inje na kuyajibu. Kipanga akipita juu, kuku anaita watoto wake. Mumea uliowekwa ndani ya nyumba unainama kufuata mwangaza wa dirisha.

6. Kinajongea chenyewe. Kuku anakimbia. Mumea haukimbii, lakini mizizi inafuata maji, na maua mengi yanafunguka asubuhi na kujifunga jioni. Jiwe linasogea pale tu linaposukumwa.

7. Kinazaa cha namna yake. Kuku anazaa kuku, mahindi inazaa mahindi. Mwanzo sura ya 1 inarudilia jambo hili mara nyingi: kila kitu kwa jinsi yake.

Na chini ya alama hizi zote kuna moja ambayo macho matupu hayaoni. Kila kitu chenye uzima kimejengwa kwa selule, maana yake vijumba vidogo sana ambavyo tunaviona kwa mikroskopi. Kuna vijidudu vyenye selule moja tu. Mwili wa mtu uko na selule nyingi kupita tunavyoweza kuhesabu. Ukivunja malakite hata ikuwe unga, hautakuta selule hata moja.

VITU VINAVYODANGANYA MACHO

Hapa kijana mwenye akili atasema: «Mchungaji, hata moto unakula!» Ni kweli. Tazama mbabula ya mama. Moto unakula makala, unataka hewa, unaacha majivu, unacheza huku na huku, na ukichukua kaa moja utawasha mbabula ya jirani. Hizo ni alama nyingi. Lakini moto hauna selule, hauna mwili wa kuutunza wala kuuponya. Moto wa leo haukurithi kitu kwa moto wa jana. Moto wa makala na moto wa petroli haziko wazazi na watoto.

Angalia vilevile grupu ya umeme. Inakunywa mazutu, inavuta hewa, inatoa moshi, inatetemeka na kupiga kelele. Je, iko na uzima? Ikivunjika kipande, haijiponyi kama kidole kilichokatwa na kisu. Na hakuna mtu aliyelala na grupu moja akaamka akakuta imezaa ndogo pembeni.

Basi shika kanuni hii: alama moja peke yake haitoshi. Uzima unajulikana pale alama zinapokutana pamoja, ndani ya selule.

Tuje sasa kwa malakite yenyewe, maana hapa wazee hawakusema uongo mtupu. Ukilipasua jiwe lile la kijani utaona mistari ya duara, moja juu ya ingine, kama mti uliokatwa. Hiyo inaonyesha kwamba kweli liliongezeka. Namna gani? Maji ya mvua inashuka mu udongo na hewa ndani yake, inapita mahali penye shaba, inaiyeyusha kidogo kidogo, kisha inaiacha mahali pengine, tabaka juu ya tabaka. Hata mu shimo la zamani, maji yenye shaba inaweza kuacha ganda jembamba la kijani juu ya ukuta. Anayerudi nyuma ya miaka anasema: «Tazama, imeota!»

Lakini sikia tofauti. Jiwe linaongezeka kwa inje, kama chokaa inayopakwa juu ya ukuta. Mtoto anakua kwa ndani. Anakula bukari na sombe, lakini hageuki kuwa bukari wala sombe: mwili wake unavunja kile chakula na kukigeuza kuwa damu, mifupa na nyama yake mwenyewe. Tena shaba ile iliyo kwenye ganda jipya haikuzaliwa. Ilihama tu kutoka mahali pengine. Kilichoongezeka hapa, kilipunguka pale.

MASHIMO YA KIPUSHI

Tuchukue mfano wa kwetu. Mgodi wa Kipushi ulianza kazi mwaka 1924, na ulisimama mwaka 1993. Mwaka 2011 pampu zikashindwa, maji ikajaa ndani. Mwaka 2024 ndipo mgodi ulitoa zinki tena. Zaidi ya miaka 30 ile mawe ililala gizani. Wahandisi walipopima upya walipata kujua vizuri zaidi yale yaliyokuwa chini. Lakini kujua vizuri hesabu ya ghala siyo kuongeza gunia. Kama mu mwaka 1993 ungeacha kule mbuzi dume na jike penye majani na maji, ungekuta nini nyuma ya miaka 30? Jibu wewe mwenyewe.

Njo jibu letu kwa kijana: mwalimu wako anasema kweli. Wazee wameona kitu cha kweli, lakini wamekipa jina lisilo lake. Jiwe linaongezeka, lakini halizai. Lile ulilouza kwa mnunuzi leo, halitaacha mtoto mu shimo.

MBEGU KAVU, NA WALE WASIOZAA

Kuna mambo mawili yanayosumbua watu hapa.

La kwanza ni mbegu. Punje ya mahindi kavu iko kama kijiwe: haijongei, haikui, hautaiona ikipumua. Lakini ndani yake mumelala mumea mdogo, na unapumua polepole sana ukingoja maji. Mwaka 2005 watu wa sayansi mu Israeli walipanda mbegu ya mtende iliyopatikana Masada, ile ngome ya zamani karibu na Bahari ya Chumvi. Umri wake ulikuwa karibu miaka 2.000. Iliota, na wakaiita Methusela. Mawe ya ukuta wa Masada yalikaa pamoja nayo miaka ile yote, na yenyewe hayakuota.

La pili ni zito zaidi. Watu wanaposikia kwamba chenye uzima kinazaa, wanamugeukia dada asiye na mtoto na kumwita mti mukavu. Ndugu, acheni maneno hayo. Sayansi haisemi hivyo. Nyumbu mwenye kuzaliwa na punda na farasi karibu siku zote hazai, lakini anakula, anapumua, anabeba mizigo, iko hai kabisa. Na ndani ya mwili wa yule dada selule zinazaana kila siku: zile nyekundu za damu zinaishi karibu siku 120, kisha zingine zinachukua nafasi yao. Alama ya kuzaa inahusu ukoo mzima wa kitu. Haikupewa sisi kwa kupimia ndoa ya jirani.

Tena kijana anaweza kuuliza juu ya virusi, kama ile ya Ebola iliyojulikana kwanza mwaka 1976 upande wa Yambuku, mu inchi yetu. Virusi haina selule, na haiwezi kujizidisha isipokuwa imeingia mu selule ya mwingine. Kwa hiyo watu wengi wa sayansi wanaiweka mpakani: haiko jiwe, lakini haikutimiza alama zote.

UA LA SHABA

Kama unapanda kilima chenye shaba nyingi, utaona miti inaogopa. Ule udongo ni sumu kwa mimea mingi. Lakini kuna majani mafupi yenye maua ya buluu, ambayo watu wa masomo wanayaita Haumaniastrum katangense. Wafaransa wanasema ua la shaba. Linavumilia pale ambapo mengine yanakufa, na watafutaji wa madini walilifuata kama alama ya kuwaonyesha njia. Limeota hata mahali ambapo wazee wetu waliyeyushia shaba zamani, na wachunguzi wa mambo ya kale wakakuta matanuru yao kwa kufuata ua hilo.

Fikiri basi: udongo mumoja, shaba moja. Shaba inalala. Ua linasikia udongo, linajitengeneza kulingana nao, linatoa mbegu, linakufa, na mbegu zake zinaota tena mvua zikirudi. Siku shaba ya kilima kile itakapokwisha kubebwa na magari, haitarudia. Na kama tukichimba bila kuangalia, hata ua litakwisha, maana chenye uzima kinaweza kuzaa na kinaweza vilevile kufa. Maji yenye asidi ikimwagika mtoni, mawe ya mtoni hayasikii kitu. Samaki wanasikia. Mtoto anayeoga pale naye anasikia.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kumbukumbu la Torati 8:9 inasema juu ya inchi njema ambayo Mungu anawapa watu wake, inchi ambayo watachimba shaba katika vilima vyake. Kwa hiyo kuchimba haiko zambi, na hatumuhukumu baba anayeshuka chini ya udongo kwa ajili ya watoto wake. Lakini sura ile ile inawaonya wasimsahau aliyewapa. Na Ayubu sura ya 28 inasifu ufundi wa wachimbaji, kisha inasema hekima haipatikani mu shimo lile.

Basi tunawapa kazi tatu za mwezi huu:

Kwanza, jaribuni mbegu zenu mbele ya mvua. Chukua punje 10 za mahindi, uzifunge mu kitambaa chenye maji, ukiache chenye unyevu siku tano mpaka saba. Zikiota 8 ao zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 3 ao 4 tu, usipoteze nguvu yako na shamba. Tafuta zingine.

Pili, tembeeni na watoto mu lupango. Kila mutoto achague vitu vitatu, aseme kila kimoja kiko na uzima ao hapana, na aonyeshe alama zake. Usimwambie jibu haraka. Mwache afikiri juu ya moto, juu ya yai, juu ya kipande cha makala. Kipande kile kilikuwa mti.

Tatu, baba na mama, kaeni chini muangalie feza ya mawe inaenda wapi. Feza ya jiwe inafaa kugeuka kitu kinachozaa ao kinachokua: mbuzi jike, mbegu, miti ya matunda, na zaidi ya yote masomo ya mtoto. Ikigeuka pombe inatoka na mkojo, na shimo linabaki tupu mara mbili. Na mtoto mwenye kukaa ku masomo asiondolewe kwenda kubeba mifuko. Mtoto bado anakua. Mgongo wake ukipinda sasa, hakuna mnunuzi atakayelipa bei yake.

Mtume Petro, katika barua yake ya kwanza sura ya 2, anawaita waamini mawe yenye uzima. Wasomaji wake walijua vizuri, kama sisi, kwamba jiwe halina uzima. Njo maana neno lile lilikuwa la kushangaza. Kile ambacho shimo haliwezi kulifanyia jiwe hata kwa miaka elfu, Mungu anakifanya kwa mtu: anakula Neno, anakua, anasikia kilio cha jirani, anazaa matunda. Mwezi huu kila mmoja ajipime kwa alama hizo.

Mungu awabariki, na wale wanaoshuka chini awapandishe salama.