Visanduku vikazwe ao vilegezwe?

Katika kalasi yetu kuko mabishano, na kisa chake ni tangazo moja: "Kwaya, siku ya posho, saa 2." Wengine walifika saa mbili ya asubuhi. Wengine, wenye kuhesabu saa kwa Kifaransa, walifika kisha chakula, saa 14, wakakuta wa kwanza wamekwisha kurudi nyumbani. Hakuna aliyekosa. Maneno yenyewe ndiyo yaliachwa wazi mno.

Tunaleta habari hii sababu swali hilo hilo linawasumbua watu wanaotengeneza mitandao ya wazi, ni kusema mitandao ya kuandikiana isiyo mali ya kampuni moja: seva nyingi zinapashana habari kwa kufuata protokole moja. Mojawapo ni ActivityPub, ambayo shirika la W3C liliikubali Januari 2018, Mastodon inaitumia. Kila ujumbe ni kama fishi yenye visanduku: aina, mwandishi, maneno, saa. Je, kila kisanduku kikazwe, ao kila mtu ajaze anavyopenda?

Juu ya saa, sisi tunasema: kikazwe. Protokole inataka mwaka, mwezi, siku, saa, na tofauti na saa ya Greenwich. Ni haki. Huku Masisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa mbili, Kinshasa kwa saa moja tu. "Saa 2" tupu inapoteza hata watu wa inchi moja.

Lakini jina? Hapa tunakataa. Tangu 1972, wakati wa Mobutu, Wakongo tuko na jina na postnom. Prénom ilirudi kisha. Fishi nyingi za wageni ziko na visanduku viwili tu. Mtu anabana postnom pamoja na jina, ao anaiacha, na siku moja diploma inasema hivi na pasipoti inasema vingine. Wenye ActivityPub walifanya akili: kisanduku cha jina ni kimoja, cha maneno huru. Jina lote linapita, hata likiwa na maneno manne.

Lugha ni vile vile. Mastodon inaomba lugha moja kwa kila ujumbe. Bluesky, yenye protokole yake AT, inakubali mpaka tatu. Huku kwetu barua moja inaanza kwa Kihunde ao Kinyarwanda, inapita katika Kiswahili, inamalizikia katika Kifaransa. Kihunde kiko na alama yake katika orodha ya ISO 639-3, hke, na Kiswahili cha Kongo ni swc. Lakini alama hiyo inasaidia nini kama programu haiionyeshi pale pa kuchagulia?

Kisanduku kibaya zaidi ni kile cha aina ya maandishi. Msamiati wa ActivityPub unatenga "Note", andiko fupi lisilofika fungu moja, na "Article", la mafungu mengi. Kwa muda mrefu Mastodon ilionyesha Note yote, lakini Article ilipewa kichwa na kiungo tu. Basi waandishi wengine wakaita makala yao marefu Note, yapate kusomwa. Kisanduku kikikazwa fasi isiyofaa, watu wanajifunza kudanganya fishi.

Rafiki mmoja wa kalasi ya sita anatujibu: "Mukilegeza, kila programu itasoma vyake." Ana haki nusu. Anapenda njia ya Bluesky, inayoitwa Lexicon: mtu yeyote mwenye domeni anaweza kutunga aina mpya, lakini akishaitangaza, visanduku vyake vinafuatwa. Ni njia nzuri kweli. Ila inataka mtu wa kutunga, na huku hata kununua megabaiti za kusoma maelezo yake ni kazi.

Kwa hiyo tumeanza ubaoni, kwa chaki: fishi ya tangazo la shule. Saa tumeikaza, kwa tarakimu za 0 mpaka 24. Kwa jina tumeacha mstari mrefu. Kwa lugha bado tunabishana. Wawili wanataka kisanduku, watatu hawataki. Kwaya itaimba posho hii, 14.00.