Mcheza Kwao Hutunzwa

Septemba 15, 2025, jijini Tokyo, marathoni ya wanaume ya ubingwa wa dunia iliamuliwa kwa kifua. Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani waliingia uwanjani wakifukuzana, na walipokata utepe wakaandikiwa muda uleule: saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ikabidi picha ya kamera itazamwe. Simbu alikuwa ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kilomita 42 na ushei, na dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo ikapatikana kwa muda usiotosha hata kufumba jicho.

Tulishangilia, na ilitupasa kushangilia. Ila naomba ndugu zangu tuwatazame vizuri wale watatu waliopanda jukwaani. Petros alizaliwa Eritrea, akakulia Ethiopia, akafika Ujerumani akiwa kijana mkimbizi. Wa tatu, Iliass Aouani wa Italia, alizaliwa Morocco, akapelekwa Italia angali mdogo sana. Mmoja alivaa jezi ya nchi aliyozaliwa, wawili jezi za nchi zilizowapokea. Yeyote aliyeona walivyopambana katika mita zile za mwisho hawezi kusema mapenzi ya Petros kwa jezi yake yalikuwa ya kuazima. Mtu huipenda nchi iliyompa kocha, kiwanja na mahali pa kulala. Basi sisi, tunaopenda kuwadai wanamichezo wetu uzalendo, tunawapa nini?

Wao wameshatupa vya kutosha. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 20, 1968, kabla hajafika nusu ya njia. Goti likateguka, bega likaumia. Akafungwa bandeji, akanyanyuka, akaendelea huku akichechemea, akikimbia hapa na kutembea pale. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda zaidi ya saa moja iliyopita na watazamaji wengi walishaondoka Akhwari alipoingia uwanjani na ule mguu uliofungwa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 ili aanze mbio, ilimtuma azimalize. Jibu hilo linafundishwa leo kwa watoto wa mataifa ambayo hata hayajui Mbulu iko wapi. Mwenyewe alirudi kwao, akashika jembe.

Kuna deni jingine ambalo huwa hatulizungumzii sana, nalo kwangu ni zito zaidi. Februari 2, 1974, kule Christchurch, Filbert Bayi, kijana wa Karatu, aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3, sekunde 32.16. John Walker wa New Zealand alimaliza nyuma yake. Dunia nzima ikasubiri wawili hao wakutane Olimpiki ya Montreal, 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi zaidi ya 20 za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zikagoma kushiriki. Walker akachukua dhahabu kwa muda wa polepole kuliko ule ambao Bayi alikwisha kuuonyesha.

Mgomo ule ulikuwa wa haki, na ningeuunga mkono tena leo. Lakini gharama yake ilibebwa na watu wenye majina na umri. Bayi alikuwa na miaka 23, na miguu ya mkimbiaji haihifadhiwi ghalani. Alikuja kupata fedha Moscow mwaka 1980 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui akapata nyingine katika mita 5,000. Mpaka leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Na Bayi hakununa. Alijenga shule zinazobeba jina lake Kimara na Kibaha, watoto wakasoma na kucheza.

Jirani zetu Wakenya walipata mtihani wa namna nyingine. Stephen Cherono alitoka familia iliyokwisha kuiletea Kenya dhahabu: kaka yake, Christopher Kosgei, ndiye bingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji wa mwaka 1999. Mwaka 2003 Cherono akawa raia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, akashinda ubingwa wa dunia wa mbio hizohizo Paris. Nyumbani walikasirika. Kenya ikakataa kumruhusu akimbilie Qatar katika Olimpiki ya Athens, na siku chache baada ya Olimpiki hiyo akavunja rekodi ya dunia. Wapo wanaomwita msaliti mpaka leo. Mimi siwezi. Kijana wa miaka ishirini na mwenye familia ya kutunza anapopewa uhakika wa maisha na watu wa mbali, swali la kwanza nawauliza wa karibu: mlikuwa wapi?

Hata katika mpira tunafanya hivyohivyo. Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, mtaa mzima ulizungumza kama vile kuna ndoa imevunjika. Utani wa jadi ni mtamu na sitaki ufe. Ila tukumbuke kwamba mchezaji ana misimu michache ya kuchuma, na siku goti linapogoma, mishahara hukoma kabla ya bili za hospitali. Tumshangilie akiwa wetu, tumuage kwa heshima akiondoka, na yale matusi tunayomwandikia kwenye simu usiku tuyaache. Wapo watoto wanaoyasoma.

Kwenye ngoma, mchezaji hutunzwa angali anacheza. Noti hubandikwa kipajini jasho likimtiririka. Hakuna anayengoja ngoma iishe ndipo atafute pochi. Kwa wanariadha sisi tumezoea kungoja medali ndipo tuende uwanja wa ndege na maua. Naomba tubadilike, tuwatunze wakiwa bado njiani.

Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ, kama alivyokuwa Juma Ikangaa, aliyeshinda New York Marathon mwaka 1989. Ajira ya jeshi iliwapa mshahara wa uhakika, na mtu mwenye mshahara anaweza kufanya mazoezi bila kuhesabu unga uliobaki debeni. Nawaomba waajiri wengine, halmashauri zetu, mabenki, viwanda, waige. Nafasi moja ya kazi kwa kijana mmoja anayekimbia, yenye ruhusa ya mazoezi na bima ya afya, si mzigo mkubwa kwa taasisi.

Nanyi madereva wa Arusha, Manyara na Singida, mnaowapita vijana wakikimbia alfajiri kando ya lami: punguzeni mwendo, wapeni nafasi. Viongozi wa mitaa, kiwanja kikianza kumegwa kipande kwa kipande kwa ajili ya vibanda, semeni mapema, maana kikishajengwa hakirudi. Wazazi, binti anayekimbia vizuri kwenye mchakamchaka asiambiwe kwamba mbio ni za kaka zake. Mpeni muda, na jioni moja moja mpunguzieni kazi za jikoni.

Mashindano ya wilaya yakitangazwa, nendeni na watoto, mkae mpaka wa mwisho amalize. Aliyepitia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, anakijua kile kiwanja cha mistari ya majivu, ambapo anayemaliza mbio anavua raba na anayefuata anazivaa zingali na joto la mguu wa mwenzake. Watoto wale wanajifunza kuipenda shule yao, kisha wilaya, kisha mkoa, na wachache watafika kuvaa bendera. Mapenzi hayo huanza pale kwenye vumbi, kwa kuona kuna mtu mzima ameacha shughuli zake akaja kuwatazama.

Kama kijijini kwenu yuko mwanariadha aliyestaafu, msalimuni, mwombeni afike shuleni awaonyeshe watoto namna ya kupumua na kutupa mkono. Wengi wanangoja tu kualikwa. Na wiki hii mtafute mwalimu wa michezo wa shule iliyo karibu nawe, umuulize anahitaji nini kabla ya mashindano yajayo. Huenda akakutajia kitu kinachopatikana sokoni siku hiyohiyo: chokaa ya kuchorea mistari, kamba, mpira, jozi mbili tatu za raba za namba ndogo.